Gundi ya roketi za Ngomeni

Zikitajwa roketi za Ngomeni, kaskazini ya Malindi, wengi hukumbuka Uhuru, setilaiti ya eksirei iliyorushwa 12 Desemba 1970. Mimi huwaza gundi. Roketi ya Scout ilikuwa na injini nne, moja juu ya nyingine, zote za mafuta magumu ambayo yakishawaka hayazimwi. Ndani ya ganda hubandikwa tabaka la kuzuia joto. Likipasuka, moto hufikia ganda. Mafuta yakibanduka kwenye tabaka hilo, moto hupata sehemu zaidi ya kuunguza, na shinikizo hupanda hadi ganda lilipuke. Si kama programu, eti utatuma marekebisho kesho! Jukwaa lenyewe, San Marco la Waitalia, lilikuwa baharini. Lakini Scout zote 9 zilizorushwa hapo, 1967 hadi Machi 1988, zilifikisha setilaiti zake.