Nani Alisema Hatuna Mbio Fupi?

Nilistaafu riadha nikiwa na miaka 15. Hakukuwa na jeraha, wala kashfa, wala mkutano na waandishi wa habari. Kulikuwa na mwalimu wa michezo, filimbi shingoni, aliyeniita kando nilipomaliza wa kwanza mita 100 za mashindano ya mabweni. Akaniambia kwa upole kabisa nijaribu 1500. "Hizi fupi hazina faida kwa Mkenya," akasema. "Hizo ni za Wajamaika." Halafu akaniangalia tena, akauliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Mombasa. Akatabasamu kama mtu aliyeombwa mkopo mwisho wa mwezi, akasema basi labda nijaribu mpira.

Nilijaribu hiyo 1500 mara moja. Nikawa wa pili kutoka nyuma, na huyo wa nyuma alikuwa na malaria. Sikumlaumu mwalimu. Nilimwamini, na hapo ndipo penye tatizo. Nilihesabu kushindwa kwangu kuwa ushahidi kwamba alikuwa ameona kitu ndani yangu ambacho mimi sikukiona.

Kisa hiki ningekiacha huko huko kama si mpwa wangu. Ana miaka 13, na kwa mtaa wetu wa Changamwe hakuna mvulana wa rika lake anayemgusa katika mita 50. Mwaka jana alifika mashindano ya kaunti ndogo, akainama kwenye bloku, akatoka kabla ya bastola. Akaondolewa papo hapo. Watu wakacheka, si sana, kicheko cha kawaida cha uwanjani. Tangu siku ile, bastola ikilia, wenzake wanaondoka na yeye anabaki ameganda kama anayesubiri ruhusa. Anamaliza wa mwisho akiwa na pumzi zake zote. Siku moja aliniambia, hata hakuonekana kusikitika, "Mjomba, si unajua sisi watu wa Pwani hatuna mbio? Tena Wakenya wenyewe hizi fupi hawaziwezi."

Wallahi nilisikia ile filimbi. Maneno yale yale, miaka mingi baadaye, kutoka kwa mtoto ambaye hakuwahi kumwona mwalimu wangu. Nikaanza kujiuliza maneno haya yalitoka wapi hasa. Ni nani aliyeyasema kwanza?

Nilichokikuta kilinichekesha kabla hakijaniudhi. Wakati wa ukoloni wimbo ulikuwa kinyume. Fikra iliyoenea kwa Wazungu wengi, Marekani na hata huku kwenye makoloni, ilikuwa kwamba mtu mweusi ana miguu ya kufyatuka lakini mbio ndefu hazimfai. Ati mbio ndefu zinataka subira, hesabu na nidhamu ya akili, na sisi hivyo vitu hatukujaliwa. Mweusi kimbia fupi, ruka juu, basi.

Sasa twende London, Julai 1954, uwanja wa White City. Kenya ni koloni, iko chini ya Hali ya Hatari, na wanariadha wake wachache wako njiani kuelekea Vancouver kwa michezo ambayo leo tunaiita ya Jumuiya ya Madola. Lazaro Chepkwony anaingia mbio za maili sita akiwa pekupeku. Anaongeza kasi, anapunguza, anaongeza tena, anawavuruga Waingereza, halafu anaumia na kuacha katikati. Unaweza kukisia watazamaji walisema nini. Si tuliwaambia? Kesho yake Nyandika Maiyoro wa Kisii anaingia maili tatu na kufanya ukichaa ule ule. Anachomoka mwanzoni na kuwaacha wote mbali. Wanakuja kumpata, lakini haachi. Anamaliza wa tatu. Wawili waliomtangulia, Freddie Green na Chris Chataway, walikimbia 13:32.2, na hiyo ilikuwa rekodi mpya ya dunia. Yaani waliompita kijana waliyedhani hajui kupanga mbio walikuwa watu wanaovunja rekodi ya dunia.

Maiyoro hakurudi na medali yoyote ya Olimpiki. Alikuwa wa 7 katika mita 5000 kule Melbourne mwaka 1956, wa 6 kule Roma mwaka 1960. Ukitazama orodha za washindi humwoni. Lakini waliomfuata walikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho: walikuwa wameshaona mtu wa kwao akiongoza kundi lile. Mwaka 1964 Wilson Kiprugut akaleta shaba ya mita 800 kutoka Tokyo, medali ya kwanza ya Kenya ya Olimpiki. Mwaka 1968 kule Mexico, Naftali Temu akachukua dhahabu ya mita 10,000, Amos Biwott ya kuruka viunzi na maji, Kip Keino ya mita 1500 akimwacha Jim Ryun kwa karibu sekunde tatu. Miaka 14 tu tangu White City, na ule wimbo ukageuzwa. Sasa ikawa Mwafrika wa Mashariki amezaliwa na mbio ndefu, ziko kwenye damu, kwenye milima, kwenye maziwa ya mursik. Hakuna aliyeomba radhi kwa wimbo wa kwanza.

Lakini hiki ndicho nilichotaka mpwa wangu akisikie. Dhahabu za kwanza za Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola hazikutoka mlimani, wala hazikuwa za mbio ndefu. Zilikuwa za yadi 100 na yadi 220, huko Perth, Australia, mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Zote mbili za mtu mmoja, Seraphino Antao, Mgoa aliyezaliwa Mombasa. Mombasa hii hii, usawa wa bahari, joto hili hili. Kenya huru ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Tokyo 1964, aliyebeba bendera alikuwa yeye, mtu wa mbio fupi.

Nimesoma shule Mombasa miaka 12. Jina hilo sikulisikia darasani hata siku moja.

Na hakuwa peke yake. Charles Asati alishinda mita 400 za Jumuiya ya Madola mwaka 1970 na tena 1974. Timu ya kupokezana vijiti ya 4 x 400 ilichukua fedha Mexico 1968, ikiwa na Daniel Rudisha, babake David. Mwaka 1972 kule Munich, Asati, Hezahkiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang wakachukua dhahabu ya mbio hizo. Ni kweli Wamarekani hawakukimbia siku ile, wawili wao walikuwa wamefungiwa na mwingine ameumia. Lakini dhahabu haiandikwi nyota pembeni. Sang alikuwa tayari ana shaba yake binafsi ya mita 400.

Kisha tukasusia. Montreal 1976 hatukwenda, Moscow 1980 hatukwenda. Kizazi kizima kilifunzwa na hakikupata pa kukimbilia. Tuliporudi, pesa zilikuwa zimehamia kwenye mbio ndefu na za barabarani, na huko tukawa wafalme: timu ya wanaume ilishinda mbio za nyika za dunia kila mwaka kuanzia 1986 hadi 2003. Wakala wa Ulaya akitua Eldoret hakuwa anatafuta mtu wa mita 100. Kambi zikajengwa Iten na Kaptagat. Mbio fupi zinataka bloku, spaiki, ukumbi wa vyuma vya kunyanyua na uwanja wa kisasa, na viwanja hivyo nchini vilihesabika kwa vidole. Kwa hiyo sisemi yote ni mambo ya kichwani. Mtoto asiye na bloku hatajifunza kutoka kwenye bloku kwa kujiamini peke yake. Ila ukosefu wa vifaa ulikuja kupewa jina la damu, na watoto wakafundishwa jina hilo.

Sasa, jina kama hilo hufanya nini ndani ya mtoto? Mwaka 1999 kule Marekani, Jeff Stone na wenzake walichukua wanafunzi wa chuo, weusi na weupe, wakawapa mchezo mmoja wa gofu. Baadhi waliambiwa mchezo huu unapima akili ya michezo, wengine wakaambiwa unapima kipaji cha mwili cha kuzaliwa nacho. Mpira ni ule ule, shimo ni lile lile. Weusi walicheza vibaya zaidi walipoambiwa ni akili. Weupe wakacheza vibaya zaidi walipoambiwa ni kipaji cha mwili. Hakuna aliyetukanwa wala kuzomewa. Sentensi moja tu ya maelezo, kama ile ya mwalimu wangu, na mikono ikabadilika.

Nadhani ndiyo maana Julius Yego ananivutia kuliko mabingwa wengi wenye medali nyingi kumzidi. Alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama YouTube, katika nchi isiyokuwa na desturi ya mkuki wa mashindano. Mwaka 2015 huko Beijing alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Katika mashindano hayo hayo Nicholas Bett, marehemu sasa, akashinda mita 400 za viunzi akitoka leni ya 9, leni ambayo hata kamera huisahau. Kenya iliongoza jedwali la medali mwaka ule, na dhahabu hizo mbili zilikuwa kwenye hesabu.

Halafu Ferdinand Omanyala. Alianzia raga. Mwaka 2017 alifungiwa miezi 14 kwa dawa iliyopigwa marufuku, jambo analoulizwa hadi leo. Tarehe 18 Septemba 2021, Kasarani, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Najua, Nairobi iko juu na hewa nyepesi husaidia mbio fupi. Basi tungeanza lini kuitumia? Agosti 2022, Birmingham, akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola kwa sekunde 10.02. Mkenya wa kwanza kuishinda mbio hiyo tangu Antao. Miaka 60 kamili, kama mtu aliyeachiwa kijiti na hakuna aliyemwambia kiko wapi.

Haya yote nilimsimulia mpwa wangu, jioni moja, kwa hamasa kubwa, nikipunga mikono. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mjomba, huyo Antao ni wa zamani, hata picha yake haina rangi. Na Omanyala si wa Pwani."

Noma. Historia yangu yote ilikwama hapo.

Kilichomgusa sikukipanga. Nilikuwa namtafutia video ya namna ya kukaa kwenye bloku, ikajitokeza fainali ya dunia ya Daegu, 2011. Usain Bolt, bingwa mtetezi, anatoka kabla ya bastola. Anajua mara moja. Anavua fulana kwa hasira na kutoka nje. Sheria ilikuwa imebadilishwa mwaka uliotangulia: kosa moja tu, umeondoka. Mpwa wangu aliitazama mara tatu bila kusema neno. Halafu akauliza, "Akafanya nini?" Nikamwambia siku chache baadaye alishinda mita 200, kisha akavunja rekodi ya dunia ya vijiti pamoja na wenzake. "Kwa hivyo hata yeye walimcheka?" Nikamwambia nadhani wengine walimcheka.

Asubuhi iliyofuata tulienda kiwanjani kabla jua halijakali. Nilimwambia leo atoke mapema makusudi. Mara 10. Alidhani nimechanganyikiwa. Mara ya kwanza na ya pili alitoka kama anayeiba embe. Kufika ya sita anacheka. Ya kumi hakuna chochote kilichokuwa kimetokea duniani, mbuzi wa jirani wanaendelea kula. Baada ya hapo nikawa nasimama nyuma yake na kupiga makofi, wakati mwingine haraka, wakati mwingine nachelewa hadi anayumba. Mita 10 tu, si zaidi. Hakukuwa na wa kushindana naye. Aliandika muda wake kwenye daftari la hesabu, kurasa za nyuma, na simu yangu ndiyo ilikuwa saa. Nilimkataza kuwaza kushinda. Kazi yake ilikuwa moja, kusikia na kusukuma ardhi. Siku nyingine aliganda kama zamani, tukarudi nyumbani kunywa chai bila kulizungumza. Tulifanya hivyo karibu miezi mitatu, na mimi magoti yakaanza kuniuma kwa kuinama tu.

Mashindano ya mwaka huu yalikuwa mwezi uliopita. Nilisimama kwenye uzio nikiwa nimeshika mkoba wake na jasho limenilowesha mgongo. Mwenye bastola aliwashikilia muda mrefu, muda mrefu kupita kiasi nikaona, na msichana wa leni ya 2 akayumba. Yeye hakuyumba. Ilipolia aliondoka pamoja na wote, si mbele yao, lakini pamoja nao. Mita 60 alikuwa wa pili. Akamaliza wa tatu. Waliovuka kwenda kaunti ni wawili wa kwanza.

Nilijiandaa kumfariji. Alikuja akihema, mikono kiunoni, uso umekunjamana. "Umemwona yule mwenye bastola alivyotuchelewesha? Na hii leni ya 6 ina mchanga, Mjomba, mguu unateleza!" Alilalamika njia nzima hadi Changamwe, ndani ya matatu, watu wakisikia: upepo, mchanga, yule wa leni ya 4 aliyevaa spaiki za kweli wakati yeye ana raba. Miaka yote niliyotazama riadha, hivyo ndivyo wanavyolalamika watu wa mbio fupi.

Usiku dada yangu alinipigia simu. Hakuuliza mbio zilikwendaje. Aliuliza spaiki ni bei gani, na kama ni mimi nitakayezilipia.