Mfahamu William Mkufya, mwandishi wa Lushoto aliyeuliza: nani wa kulaumiwa?

Ukitaja Lushoto, wengi wanawaza baridi, kabichi, plamu na ile barabara ya kona kona inayopanda mlima kutoka Mombo. Wachache wanakumbuka kwamba ndiko alikozaliwa mmoja wa waandishi wa riwaya wenye makali zaidi Tanzania, William Mkufya.

Huyu si mwandishi wa kukubembeleza. Anakupeleka uswahilini, kwenye chumba cha mwanamke anayeuza mwili ili ale, kisha anakuuliza swali moja gumu: huyu kaamua mwenyewe kuishi hivi, au maisha yamemsukuma?

Mkufya kwa ufupi

- Alizaliwa: 1953, Lushoto, mkoani Tanga
- Lugha anazoandikia: Kiingereza na Kiswahili
- Riwaya zake: The Wicked Walk (1977), Kizazi Hiki (1980), The Dilemma (1982), Ziraili na Zirani (1999), Ua la Faraja (2004)
- Mji unaotawala hadithi zake za mtaani: Dar es Salaam

Kijana wa miaka 24 hivi

The Wicked Walk ilitoka mwaka 1977, ikichapishwa na Tanzania Publishing House, shirika la uchapishaji la umma. Mkufya alikuwa na miaka kama 24 tu.

Kumbuka mwaka huo ulivyokuwa. CCM ndiyo kwanza imezaliwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika. Azimio la Arusha lina miaka kumi: mabenki na viwanda vikubwa viko mikononi mwa umma, na miiko ya uongozi inamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa au kupangisha nyumba.

Hiyo ni kwenye karatasi. Mtaani watu walikuwa na neno lao, "wabenzi", yaani wakubwa waliogeuza mali ya umma kuwa njia ya kujineemesha. Mkufya aliingia hapo hapo, penye pengo kati ya kilichotangazwa redioni na kilichoonekana mtaani.

Maria, Nancy, Deo na Magege

Hadithi yenyewe inabebwa na watu wanne. Maria ni mwanamke anayeishi kwa kuuza mwili jijini Dar es Salaam. Nancy ni binti yake, bado msichana mdogo wa shule. Deo ni kijana mwenye kipato kidogo anayempenda Nancy. Halafu yupo Magege, meneja wa kiwanda, mtu mwenye cheo na pesa, ambaye naye anamtaka Nancy.

Ukiambiwa hivyo tu, unaweza kudhani ni hadithi ya kawaida ya mapenzi: maskini na tajiri wanagombea msichana. Lakini angalia mizani ilivyokaa. Deo ana upendo lakini mfuko hauna kitu. Magege ana kila kitu ambacho nyumba ya Maria haina. Na Nancy amekulia kwenye nyumba hiyo, anajua vizuri bei ya chakula cha jioni.

Sasa hapo uhuru wa kuchagua uko wapi? Hicho ndicho Mkufya anachotaka ukifikirie. Mwisho wake hatutausema hapa, usome mwenyewe.

Wamarekani walishapita njia hii

Swali la Mkufya lina ndugu zake mbali. Mwishoni mwa karne ya 19, kundi la waandishi wa Marekani lilianza kuandika riwaya kwa mtindo unaoitwa uasilia. Walijifunza kwa Mfaransa Émile Zola. Wazo lao lilikuwa rahisi lakini zito: binadamu ni zao la damu aliyorithi na mazingira aliyokulia. Njaa, mtaa, pesa na tamaa vinamsukuma kuliko anavyojua mwenyewe.

Stephen Crane ndiye aliyetangulia. Mwaka 1893, akiwa na miaka 21, alitoa Maggie: A Girl of the Streets. Ni habari ya msichana wa vibanda vya maskini New York, mwenye mama mlevi, anayeachwa na mwanaume na kuishia mitaani. Hakuna mchapishaji aliyeitaka, kwa hiyo Crane alilipia uchapishaji kwa pesa yake na kutumia jina la bandia. Alifariki mwaka 1900, akiwa na miaka 28.

Mwaka huo huo Theodore Dreiser alitoa Sister Carrie, habari ya binti aliyetoka mji mdogo kwenda Chicago kutafuta maisha. Carrie anapanda kwa kuishi na wanaume wenye pesa, na mwandishi hamwadhibu. Hilo ndilo lililowaudhi watu. Mchapishaji aliona aibu, kitabu kikatoka kimya kimya bila kutangazwa.

Mkufya si Mmarekani, na wahakiki wengi wanamweka kwenye kundi la uhalisia, yaani kuonyesha maisha yalivyo. Lakini weka Maggie, Carrie na Nancy kwenye meza moja uone. Wasichana watatu, miji mitatu mikubwa, na jamii ile ile inayowahi kumnyooshea kidole msichana kabla ya kuuliza aliyelipa ni nani.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Kwa Crane, mtaa unaonekana kama hali ya hewa, unakunyeshea tu. Kwa Mkufya, shinikizo lina sura na jina. Linaitwa Magege, na lina ofisi.

Alipokigeuza kwa Kiswahili

Mwaka 1980 Mkufya alikitoa kitabu hicho kwa Kiswahili yeye mwenyewe, kwa jina Kizazi Hiki. Hapa kuna jambo la kuangalia. Jina la Kiingereza linazungumzia mwendo muovu, kana kwamba kosa ni la anayetembea. Jina la Kiswahili linazungumzia kizazi kizima. Lawama imesogea kutoka kwa mtu mmoja hadi kwetu sote.

Kuandika hivi hakukuwa salama sana. Euphrase Kezilahabi alikuwa ameshaonja machungu: Rosa Mistika yake ya mwaka 1971, nayo ikihusu msichana anayeharibikiwa, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ilisema mambo ya kitandani waziwazi. Mkufya aliijua njia hiyo ina miiba, akapita.

Kutoka mtaani hadi ahera

Baada ya hapo aligeuka. Ziraili na Zirani ya mwaka 1999 inahamia ulimwengu wa baada ya kifo: mbingu, jehanamu, imani na kutoamini. Ziraili, kama unavyojua, ni malaika mtoa roho.

Ni riwaya ngumu, wala usidanganywe. Wahakiki huitaja pamoja na Nagona na Mzingile za Kezilahabi, zile riwaya zinazokulazimu usome ukurasa mara mbili. Lakini ukitulia utaona ni swali lile lile limepanda juu: kama kila kitu kimepangwa, binadamu ana kosa gani?

Ua la Faraja na miaka ya Ukimwi

Mwaka 2004 Mkufya alirudi mtaani. Ua la Faraja ni riwaya nene kuhusu Ukimwi, na aliipanga kuwa sehemu ya mfululizo wa riwaya alioupa jina Diwani ya Maua.

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa miaka zaidi ya 20, mtu akiugua, majirani walihesabu nguo zake za zamani zilivyompwaya na kunong'ona "kautaka mwenyewe". Mpango wa taifa wa kugawa dawa za kufubaza virusi bure ulianza mwaka ule ule riwaya ilipotoka.

Kwa hiyo kitabu kilifika wakati neno "faraja" lilikuwa na uzito wake kamili. Mkufya hakuandika bango la "jihadhari". Aliandika watu wanaopenda, wanaoogopa na wanaotaka kuishi.

Kwa nini umsome leo

Kila wiki kuna kijana anayeshuka kutoka Soni, Bumbuli au Mlalo na begi moja, anapanda basi Mombo kwenda Dar. Wengine wanafanikiwa. Wengine wanakutana na Magege wa zama hizi: ana gari zuri, ana ahadi ya kazi, na simu yake haiishiwi salio. Mambo yakiharibika, kijijini watasema msichana ameshindikana. Magege hatatajwa.

Kama hujawahi kumsoma Mkufya, anza na Kizazi Hiki, ndiyo nyepesi kuingia. Kisha Ua la Faraja. Ziraili na Zirani iache mwisho, uisome ukiwa na utulivu. Vitabu hivi havipatikani kila duka, kwa hiyo ulizia maktaba ya mkoa, maktaba za vyuo au wauza vitabu vya mtumba. Ukikipata, msomee na mama nyumbani. Halafu muulize yeye: wa kulaumiwa ni nani?