Namba 413: historia ya mlango unaokataa mzigo

Wandugu, kosa 404 kila mutu analijua. Leo nataka tuongelee jamaa yake, 413. Hilo njo jibu la seva wakati unatuma faili inayopita kipimo chake.

Zamani saiti nyingi zilikuwa za kusoma tu. Mwezi wa 11 mwaka 1995, andiko liitwalo RFC 1867 likapendekeza namna ya kutuma faili kupitia fomu ya ukurasa. Lakini kanuni za HTTP/1.0, za mwezi wa 5 mwaka 1996, hazikuwa na namba ya kusema "mzigo wako ni mkubwa". Namba 413 iliingia mwezi wa 1 mwaka 1997, pamoja na HTTP/1.1. Seva ikapewa ruhusa ya kukataa, hata kukata mawasiliano ili mtumaji asiendelee. Tena, kama shida ni ya muda, ikashauriwa imwambie arudie wakati gani.

Kukataa kwenyewe siyo ubaya. Bila kipimo, mutu mmoja anaweza kujaza mashine, wengine wote wakakwama. Njo maana nginx, programu ya seva ambayo Igor Sysoev aliitoa mwaka 2004, inakubali mega 1 tu kama msimamizi hakuandika kipimo kingine. Apache, yenyewe, iliacha mlango wazi kwa miaka mingi; mwaka 2022 njo toleo 2.4.54 likaweka giga 1.

Sasa shida iko wapi? Iko kwenye namna ya kukataa. Seva ikikata mawasiliano wakati faili ingali inapanda, mara nyingi kivinjari hakionyeshi hata hiyo 413. Waandishi wa nginx wenyewe wameonya hivyo. Mwanafunzi anayetuma skani ya diploma siku ya mwisho, kwa mega za kununua, anafikiri ni rezo mbaya. Anatuma tena, mara tatu, mara nne. Mega zinaisha, dosie haijafika, na hakuna aliyemwambia kwamba ingetosha kupunguza picha.

Maneno ya Kiingereza yanayofuata 413 yalibadilishwa mwaka 2014, tena mwaka 2022. Lakini shauri moja ni la tangu mwanzo: seva inayokataa ieleze sababu. Kwa hiyo naona ukurasa wa kosa ulioandikwa vizuri siyo mapambo, ni sehemu ya kazi.

Nyinyi muliosoma informatique, mukipanga client_max_body_size, mupange na error_page yake: "Faili yako inapita mega 5. Ipunguze, kisha utume tena." Tena kipimo kiandikwe kwenye fomu, na ukurasa upime faili mbele ya kuituma, ili mega za watu zisipotee bure.

Mlango una haki ya kukataa mzigo, lakini useme kwa nini. Munaonaje?