Stesheni ya Sigi na Shamba la Utafiti la Amani

Msafiri anayepanda Amani, wilayani Muheza mkoani Tanga, hupita Sigi, lilipo lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Hapo ipo nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, iliyojengwa na Wajerumani, ambayo imekarabatiwa na kuwa kituo cha taarifa kwa wageni. Reli yenyewe haipo tena.

Stesheni hiyo ilizaliwa na biashara ya mbao. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Muheza mwaka 1896, ikiwa na upana wa mita 1. Miaka michache baadaye kampuni ya Kijerumani ilijenga tawi jembamba zaidi, la sentimita 75, kutoka Tengeni hadi Sigi, umbali wa takriban kilomita 23, ili kushusha magogo ya Usambara Mashariki.

Juu ya stesheni, katika mwinuko wa karibu mita 900, Serikali ya kikoloni ilianzisha mwaka 1902 Taasisi ya Biolojia na Kilimo ya Amani, chini ya Franz Stuhlmann. Mashamba yake ya majaribio yalipandwa mikwinini, kahawa, mpira na miti ya mbao kutoka pande nyingi za dunia. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za baharini, Amani ndiyo iliyotengeneza kwinini, sabuni na mahitaji mengine yaliyokosekana. Habari hizi husimuliwa kwa majina ya wataalamu, ilhali kuchimba mashimo, kubeba miche na kukata magogo ilikuwa kazi ya vibarua wa Kiafrika.

Baada ya vita Waingereza waliendeleza utafiti wa kilimo hapo, na baadaye Amani ikawa kituo cha utafiti wa malaria.

Si kila mche ulibaki bustanini. Mti wa Maesopsis eminii, uliopandwa Amani kwa ajili ya mbao, umesambaa ndani ya msitu wa asili, mbegu zake zikichukuliwa na ndege, na kuudhibiti ni kazi ngumu. Suala hili haliwahusu wanamimea peke yao: mto Sigi, unaopita karibu na stesheni hiyo ya zamani, hutoka katika misitu hiyo na kujaza bwawa la Mabayani, linalolipatia maji Jiji la Tanga.