Ramisi: Sukari, Mizani na Mgeuko

Ukishaipita Ukunda, barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga inakupeleka Gazi, Msambweni, kisha mto Ramisi. Wengine huifuata kwa ajili ya historia ya ukoo wa Wamazrui wa Gazi. Mimi naifuata kwa ajili ya sukari. Kiwanda cha Ramisi kilianzishwa mwaka 1927, miaka mitano baada ya kile cha Miwani karibu na Kisumu, kikafungwa mwaka 1988. Kuanzia 2007 mashamba ya miwa yalianza kufufuliwa chini ya Kampuni ya Kwale International Sugar, huku wenyeji wakivutana nayo juu ya ardhi. Katikati ya miaka ya 2010, miwa ikasagwa tena.

Miwa huuzwa kwa tani. Lori hupanda mizani, uzito ukasomwa, hesabu ikafungwa. Lakini miwa ikikatwa na kulala juani, ndani yake kuna jambo linaloendelea ambalo mizani haioni. Sukrosi, sukari yenyewe itafutwayo, hushika maji na kuvunjika vipande viwili: glukosi na fruktosi. Hivyo havigandi kwa urahisi kuwa chembe. Huishia kwenye molasi. Mgema wa Kidigo anaishi na badiliko hilo kila siku. Hamira ya hewani huivunja sukrosi ya mnazi kwanza, ndipo iigeuze kileo, na tembo tamu la asubuhi likawa kali jioni.

Glukosi na fruktosi zina atomi zile zile: kaboni 6, hidrojeni 12, oksijeni 6. Uzito wa kila moja ni 180. Zinatofautiana kwa mpango tu, kama boriti zile zile zinavyoweza kujenga paa au ua. Mwaka 1830 Jöns Jacob Berzelius wa Sweden aliziita dutu za namna hii isoma.

Zitatambuliwaje, ikiwa uzito ni mmoja? Mfaransa Jean-Baptiste Biot alikuwa ameonyesha mwaka 1815 kwamba maji ya sukari huzungusha mwanga uliopangwa utetemeke katika bapa moja. Sukrosi huuzungusha kulia, na glukosi vilevile. Fruktosi, aliyoitambua mkemia Dubrunfaut mwaka 1847, huuvuta kushoto kwa nguvu zaidi. Sukrosi ikishavunjika yote, mwanga uliokuwa ukienda kulia hugeukia kushoto, na ndiyo maana wakemia huuita mchanganyiko huo sukari iliyogeuzwa. Polarimeta, chombo cha kupima mzunguko huo, ikawa kifaa cha kila siku katika maabara za viwanda vya sukari.

Karne ya 20 ilileta mizani ya ajabu zaidi. Kutokana na kazi ya mwanafizikia J. J. Thomson huko Cambridge ikazaliwa spektrometa ya masi, inayopima uzito wa ayoni, yaani atomi au molekuli zilizopata chaji. Nayo ikakwama pale pale: isoma mbili, uzito mmoja. Kuzivunja na kupima vipande husaidia, ila ayoni nyingi hujipanga upya kabla ya kuvunjika, na isoma tofauti zikatoa vipande vilivyo sawa.

Shigeo Hayakawa na wenzake wa Osaka, Japani, walipita njia nyingine. Ayoni chanya hupitishwa kwenye mvuke wa metali kama potasiamu au sesiamu. Hunyakua elektroni moja na kubaki bila chaji, ikiwa na nishati ya kiasi kinachojulikana; hapo huvunjika kwa kufuata umbo lake lenyewe. Vipande hunyakua elektroni ya pili, vikawa hasi, kisha vikapimwa. Kwa mbinu hiyo walitenganisha isoma tatu za diklorobenzeni, ambazo tofauti yake ni mahali zilipokaa klorini mbili tu. Thomson mwenyewe alishaona chembe zikigeuka chaji ndani ya mirija yake ya majaribio.

Kutoka polarimeta hadi Osaka fundisho ni moja: uzito hausemi kitu ni nini, kigeuze, utakijua. Kwa mkulima wa Msambweni hoja hii ina makali pande mbili. Malipo kwa kiwango cha sukari, ambayo yamezungumzwa sana nchini, yangemtendea haki mwenye miwa mizuri. Lakini miwa haigeuki sana shambani ikiwa imesimama. Hugeuka zaidi ikisubiri lori. Kipimo cha utamu kikija bila kuhesabu saa za kusubiri, hasara itamwangukia yule asiye na lori.