Utungaji na Kujiamini kwa Mtoto: Funzo Kutoka Historia ya Shule za Mpakani

Utangulizi

Sisi walimu wa lugha tumezoea kulalamika kwamba watoto hawajui kutunga. Tukiwapa kichwa cha insha wanakodoa macho. Tukiwabana wanaandika mistari mitano iliyonakiliwa kitabuni, na kazi ya kila mmoja ikafanana na ya jirani yake. Aghalabu tunadhani kwamba sababu ni uhaba wa msamiati au udhaifu wa sarufi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, angalau katika pande zetu hizi za Mpondwe na Bwera, sababu ni ya zamani zaidi, nayo imo katika historia ya shule yenyewe. Mtoto wetu anayo maneno ya kutosha, lakini amefundishwa, kizazi baada ya kizazi, kwamba maneno yake hayastahili kuandikwa. Na kwa kuwa sasa Kiswahili kimeagizwa kufundishwa katika shule zote za Uganda, swali hili latuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko walimu wengine wowote: je, tutaiendeleza historia hiyo, au tutaikomesha?

Lugha na shule chini ya Rwenzori

Mkataba wa Toro wa mwaka 1900 uliwaacha Wakonzo na Waamba chini ya ufalme wa Toro. Kwa hiyo, shule zilipoenea chini ya milima, lugha ya kitabu, ya kanisa na ya baraza ikawa Kitoro. Mtoto wa Kikonzo aliingia darasani akakuta kwamba lugha ya mama yake haina daftari. Jambo hili lilikuwa mojawapo ya malalamiko makubwa yaliyozaa harakati za Rwenzururu, pamoja na malalamiko ya vyeo, kodi na heshima.

Kuna jambo moja ambalo walimu yatupasa kulikumbuka. Katika miaka ya 1950, kabla ya silaha kushikwa, kilianzishwa chama cha kuchunguza maisha na historia ya Wakonzo. Kiongozi wake, Isaya Mukirane, alikuwa mwalimu wa shule. Yaani mwanzo wa mambo yale ulikuwa ni watu kutaka kukusanya na kuandika habari zao wenyewe kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 1962 wajumbe wa Wakonzo na Waamba walitoka katika baraza la Toro, na machafuko yaliyofuata hayakutulia mpaka mapatano ya Agosti 1982. Sisemi kwamba daftari lingeyazuia hayo yote. Nasema tu kwamba mtu anayenyimwa nafasi ya kujieleza hukaa na uchungu, na uchungu huo hurithiwa.

Kiswahili nacho kilikuwa na safari yake. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza kipewe nafasi kubwa katika elimu ya Uganda, lakini upinzani, hasa wa Buganda, ulikuwa mkali, na mwaka 1952 kiliondolewa katika orodha ya lugha zilizotambuliwa shuleni. Hata hivyo, huku kwetu hakikuondoka. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, shaba ya Kilembe ikachimbwa na wafanyakazi wa makabila mengi, na ng'ambo ya mto Lhubiriha, huko Kasindi, Kiswahili kilikuwa lugha ya biashara ya kila siku. Amri ya mwaka 1973 ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa hiyo, wakati serikali zilipokuwa zikikitoa na kukirudisha darasani, watoto wa Mpondwe walikuwa wakikijifunza sokoni bila mwalimu.

Kibao shingoni

Baada ya Kitoro, lugha iliyotawala darasa ilikuwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya siasa ya lugha, jinsi watoto wa Kenya waliosikika wakisema Kikuyu shuleni walivyochapwa au kuvishwa shingoni bamba lenye maandishi ya kuwadhalilisha. Desturi hiyo haikuwa ya Kenya pekee. Mimi mwenyewe, katika shule ya msingi ambayo sina haja ya kuitaja, nilivaa kibao cha mti kwa kosa la kumwita rafiki yangu kwa Kikonzo. Kibao hakikuniumiza shingo. Lakini tangu siku ile nilijifunza kunyamaza mpaka niwe na hakika ya kila neno, na mtoto anayengoja hakika ya kila neno hawezi kutunga.

Nitatoa mfano mmoja zaidi. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF waliushambulia mji wetu wa Mpondwe wakitokea Kongo. Nilikuwa darasa la sita. Familia nyingi zilikimbia, nasi tulikuwa miongoni mwao. Shule ilipofunguliwa mwaka uliofuata, tulipewa insha yenye kichwa "Likizo Yangu". Niliandika, kwa Kiingereza safi, kwamba nilikwenda Entebbe kutazama wanyama. Sikuwa nimefika hata Mbarara. Nusu ya darasa ilikwenda Entebbe siku ile, na wote tukamwona simba yuleyule, kwa sababu wote tulikuwa tumekariri insha ya mfano iliyokuwa katika kitabu kimoja. Nilipata alama 14 kati ya 20. Mwalimu hakuuliza neno, nasi hatukumwambia, maana hatukujua kwamba mambo tuliyoyaona yangeweza kuwa insha.

Mwalimu yule simlaumu. Alifundisha kama alivyofundishwa, na mtihani ulimdai sarufi tu. Lakini hapo ndipo ninapoona kiini cha tatizo letu. Tulifundishwa kuandika pasipo kukosea, na hatukufundishwa kwamba tuna la kusema.

Mifano ya kwingineko

Tatizo hili si letu peke yetu, wala dawa yake si ngeni. Mwaka 1859 mwandishi wa Kirusi Leo Tolstoy alifungua shule ya watoto wa wakulima kijijini kwake Yasnaya Polyana. Aliwapa kichwa cha utungaji wakashindwa. Basi yeye mwenyewe akaketi akaanza kuandika mbele yao. Watoto wakamzunguka, wakaanza kumsahihisha: mzee huyu hasemi hivyo, mwanajeshi huyu hafanyi vile. Mwaka 1862 Tolstoy aliandika makala akiuliza nani amfundishe nani kuandika, wao watufundishe au sisi tuwafundishe. Watoto wale hawakuwa na elimu kumshinda. Walipewa nafasi ya kusema juu ya maisha waliyoyajua, basi wakaona kwamba mtu mkubwa anawasikiliza.

Mfano wa pili ni wa Célestin Freinet, mwalimu wa Kifaransa aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza na mapafu yaliyojeruhiwa, asiweze kuhubiri darasani kwa saa nyingi. Mwaka 1924, katika shule ya kijiji cha Bar-sur-Loup, alileta mashine ndogo ya kupiga chapa. Watoto walitunga habari zao, wakazichagua pamoja, wakazisahihisha pamoja, kisha wakazichapa na kuwapelekea wanafunzi wa shule nyingine za mbali. Sahihisho lilikuwapo, tena kali, lakini lilikuja baada ya mtoto kujua kwamba kuna msomaji anayengoja.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilichapa mashairi na barua za wasomaji wake kutoka kila pembe. Karani, mwalimu wa kijijini au askari aliweza kuona jina lake limepigwa chapa chini ya maneno yake. Shaaban Robert mwenyewe, aliyekuwa karani wa serikali, alikuwa mmoja wa waliochapishwa humo. Huku Uganda, jarida la Penpoint lilianzishwa Makerere mwaka 1958, na Ngũgĩ alipokuwa mwanafunzi hapo alichapisha hadithi zake za mwanzo humo. Tofauti ni kwamba Penpoint lilikuwa la chuo kikuu na la Kiingereza. Mtoto wa darasa la tano hakuwa na pa kupeleka kazi yake.

Katika mifano hii yote naona jambo moja: mwandishi mchanga alijiamini pale alipopata msomaji. Kusifiwa hakutoshi. Mtoto hutambua upesi sifa za bure.

Darasani Mpondwe leo

Watoto wetu wa sasa wamepitia mengi. Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka mpaka hapa kutoka Kongo. Kuanzia Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya Korona, zisifunguliwe kikamilifu mpaka Januari 2022. Na usiku wa tarehe 16 Juni 2023 Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, hapa mjini kwetu, ilishambuliwa; watu 42 waliuawa, 37 kati yao wakiwa wanafunzi. Baada ya hapo niliona madarasani ukimya nilioukumbuka tangu utoto wangu.

Wakati huohuo nilikuwa nafundisha Kiswahili. Niliwaambia watoto waandike juu ya usiku mmoja wanaoukumbuka, na sikutoa insha ya mfano. Mvulana mmoja, ambaye ndugu zake wako pande zote mbili za mto, aliandika hivi: "Ile usiku mama alituamusha batoto bote, tukaenda kulala mu kahawa."

Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Kwa mujibu wa sarufi niliyosomea chuoni, sentensi ile ilikuwa na makosa matano. Nilikwisha kupiga mstari chini ya neno la kwanza nilipokumbuka simba wa Entebbe. Nikaiweka kalamu chini. Nikamwomba ruhusa ya kuwasomea wenzake sentensi yake, akakubali. Darasa zima lilinyamaza, kisha msichana wa nyuma akasema kwamba wao pia walilala mu kahawa, na baridi ilikuwa kali, na bibi yake alikataa kukohoa mpaka asubuhi. Nikamwambia naye aandike.

Tangu hapo tumeshika utaratibu ambao nauandika hapa ili wenzangu waupime. Kwanza, kila Ijumaa tunatunga kwa nusu saa, na mwalimu naye anatunga pamoja nao. Pili, andiko la kwanza halisahihishwi kwa kalamu nyekundu wala halipewi alama; mtoto anaweza kuchanganya Kiswahili cha Kasindi, Kikonzo na Kiingereza kadiri anavyohitaji. Tatu, anayependa husoma mbele ya wenzake, na asiyependa halazimishwi, kwa maana kuna mambo ambayo mtoto ana haki ya kuyaweka moyoni. Nne, kila mwezi tunachagua maandiko machache, tunayasafisha pamoja katika Kiswahili sanifu, na kuyanakili katika daftari kubwa la darasa ambalo wazazi hulisoma siku ya mkutano.

Ni katika hatua hiyo ya nne ndipo sarufi hufundishika. Mvulana yule alinijia mwenyewe akauliza kwa nini kitabu husema "watoto" naye husema "batoto". Nikamweleza ngeli, na pia nikamweleza kwamba ndugu zake Kongo hawakosi akili kwa kusema vile. Alisahihisha andiko lake mara tatu, maana alitaka mama yake, auzaye chumvi ya Katwe sokoni, asikie habari yake imesomwa vizuri.

Majibu kwa wenye shaka

Wenzangu wameniuliza maswali ya haki. Mmoja alisema kwamba madarasa ni makubwa. Ni kweli, langu lina watoto zaidi ya sitini, lakini andiko lisilosahihishwa lote halimchoshi mwalimu. Mwingine alisema kwamba mtihani hautaki habari za kahawa. Hilo nalo ni kweli kwa kiasi, lakini mtoto aliyezoea kuandika nusu ukurasa bila hofu huukabili mtihani kwa mkono mwepesi. Wa tatu aliogopa kwamba tutaharibu Kiswahili sanifu. Namjibu kwamba sisi ni walimu wa sanifu na hatuachi kazi yetu. Tunabadilisha tu mpangilio wa hatua: kwanza mtoto aseme, kisha asafishe.

Napenda pia kukiri mpaka wa jambo lenyewe. Kipindi cha utungaji hakilindi lango la shule usiku, wala hakimrudishii mtoto ndugu yake. Wako watoto wanaohitaji msaada wa wataalamu kuliko mwalimu wa lugha, na ni wajibu wetu kuwapeleka kwao.

Hitimisho

Walimu wenzangu, Kiswahili kinarudi katika shule zetu kikiwa na nguvu ya serikali, kama Kitoro na Kiingereza vilivyokuja navyo vikiwa na nguvu. Kibao cha mti kilichovaliwa kwa ajili ya Kikonzo chaweza kuvaliwa kesho kwa ajili ya neno "batoto", na mkono utakaokivisha utakuwa wetu. Wahenga walisema udongo upatilize ungali maji. Agizo hili bado ni jipya na desturi za somo letu hazijakauka, basi tuziunde sasa. Kila mmoja wetu, katika shule yake, atenge nusu saa moja kwa juma, aketi pamoja na watoto, aandike nao, na asome wanayoyaandika. Na ikiwa jarida letu hili litaridhia kutenga ukurasa mmoja kwa ajili ya watoto, daftari la darasa langu li tayari.