Nani anaandika maisha ya mkubwa? Kutoka kwa baboyi wa Elisabethville mpaka Wikipedia



Kuna kazi moja haiko kwenye diploma ya mtu yeyote, lakini wengi wetu tutaifanya siku tukipata nafasi ndani ya kompani: kuandika maisha ya shefu. Sisemi hotuba yake wala barua zake. Nasema maisha yake. Alizaliwa wapi, alisoma nini, alijenga nini, na hasa yale mambo ambayo hapendi watu wayasome.

Naleta habari hii kwa sababu wenzangu wawili, wanaofanya kazi kwenye biro za mawasiliano za kompani mbili tofauti hapa Lubumbashi (majina tuyaache), wameniuliza swali moja kwa maneno karibu sawa. Shefu amefungua Wikipedia, amejikuta mule ndani, hakufurahi. Amemwita kijana: "Weye njo ulisoma. Ile ukurasa yangu iko na bintu bya bongo, tengeneza." Kijana anatazama. Kweli, mwaka wa kuzaliwa si wenyewe. Cheo ni cha zamani. Picha ni ya enzi zile shefu bado mwembamba. Mpaka hapo hakuna ubaya. Lakini kwenye orodha ya shefu kuna nambari ya nne: fungu linaloeleza kesi fulani. Fungu hilo halina kosa. Linatakiwa kufutwa tu.

Mimi nilisoma historia, sikusoma mawasiliano. Kwa hiyo jibu langu linaanza mbali, mnivumilie.

Mji wetu ulianzishwa 1910 kwa ajili ya kompani iliyoanzishwa 1906. Union Minière du Haut-Katanga ilichimba, ikayeyusha (shaba ya kwanza ya hapa ilitoka 1911), na pia iliandika. Tunasahau upande huo wa kazi yake. Likasi ikaitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mkubwa wa Société Générale de Belgique. Mji mzima unakuwa ukurasa wa maisha ya mtu mmoja, na kila barua inayotumwa kule inambebea jina. Hata mawe yaliandikwa. Karibu na hapa, kwenye mgodi wa Luiswishi, yaligunduliwa madini ya rangi ya kijani ambayo wataalamu wanayaita sengierite, kwa jina la Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière. Kuna mengine ya Shinkolobwe yanayoitwa cousinite, kwa jina la Jules Cousin, mkubwa mwingine wa kompani hiyo hiyo. Ukifungua makabati ya makumbusho ya mawe huko Ulaya utawakuta wote wawili. Mtu aliyelipiga lile jiwe kwa nyundo mara ya kwanza hutamkuta.

Kuanzia 1948 Wabelgiji walichapa kule Bruxelles kamusi kubwa ya maisha ya watu wa koloni, Biographie Coloniale Belge, kitabu juu ya kitabu. Mule ndani Waafrika ni wa kuhesabu. Halafu Union Minière ikafikisha miaka 50, ikatoa kitabu chake cha sherehe, kinene, chenye picha za mashine na za watoto wenye afya. Mwaka 1957 likaja jarida la wafanyakazi, Mwana Shaba, ambalo wazee wetu wengi walilisoma na baadaye likaendelea chini ya Gécamines. Sisemi kwamba yote hayo ni uongo. Zile hospitali zilikuwepo, shule zilikuwepo, posho ya unga ilikuwepo. Wazee walisema "kazi njo baba, njo mama", na walikuwa na sababu. Ninachosema ni kwamba kalamu yote ilikuwa kwenye meza moja.

Chukueni huyo Sengier. Maisha yake ni hadithi ya sinema. Mwaka 1939 aliambiwa huko London kwamba uranium ya Shinkolobwe ingeweza kuwa silaha ya kutisha. Mwaka 1940 akafanya zaidi ya tani 1,000 za jiwe hilo zisafirishwe mpaka New York, zikawekwa kwenye ghala la Staten Island. Mwaka 1942, afisa wa jeshi la Marekani alipokuja kumuuliza kama angeweza kupata uranium, mzigo ulikuwa tayari uko mlangoni kwake. Sehemu kubwa ya uranium ya mabomu ya kwanza ilitoka kwetu. Mwaka 1946 serikali ya Marekani ikampa nishani, Medal for Merit. Kila wasifu wake unaeleza hayo, na ni kweli tupu.

Sasa ulizeni vita hivyo hivyo hapa Lubumbashi. Wazee hawatakuambia Staten Island. Watakuambia stade. Desemba 1941 bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita, mshahara umebaki nyuma, kazi za kulazimisha zimeongezeka ili shaba iende kwa Waingereza na wenzao. Wafanyakazi wa Union Minière wakagoma. Tarehe 9 Desemba walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, askari wakapiga risasi, makumi ya watu wakafa, na kati yao Léonard Mpoyi, aliyekuwa anasema kwa niaba ya wenzake. Mpoyi alikuwa karani. Mtu wa kalamu, kama sisi. Hesabu ya wakubwa na hesabu ya mji hazikulingana kamwe. Basi mule ndani ya maisha ya mkurugenzi, vita ni uranium na nishani. Ile nyingine, ya stade, iko wapi? Hakuna aliyekataza isiandikwe pale. Haikuwa na mtu wa kuiomba iingie.

Hapo ndipo wanaingia baboyi.

Mwaka 1965, kabla Elisabethville haijapata jina la Lubumbashi, mtu anayeitwa André Yav alipiga kwa mashine kurasa zaidi kidogo ya 30 akazipa jina la Kifaransa: Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ndani yake, Kiswahili. Tena Kiswahili chetu hiki cha hapa, cha site. Aliziandika kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kufanya kazi ndani ya nyumba za Wazungu: wapishi, wafua nguo, baboyi. Wanaeleza mji tangu mwanzo, Wazungu wa kwanza, Leopold wa Pili, kazi, mishahara, vita, na majina ya utani ambayo watu weusi waliwapa mabwana wao. Ni historia ya wakubwa, lakini imeandikwa na mtu aliyesimama nyuma ya kiti akishika sahani.

Mkinielewa, hii ni kazi ile ile ya wenzangu wawili. Wafanyakazi wanaomba maisha ya bwana yarekebishwe. Tofauti ni kwamba mwaka 1965 bwana hakuwatuma.

Tena si maandishi matakatifu. Tarehe nyingine zimekosewa, watu wengine wamechanganywa, uvumi umekaa pembeni ya ukweli bila ukuta. Mji huu ulipenda uvumi. Watu walisema kwa miaka mingi kwamba askofu de Hemptinne ni mtoto wa Leopold wa Pili, na ushahidi wao ulikuwa ndevu. Walisema pia juu ya mitumbula, watu wa usiku wanaokamata wengine kwa ajili ya Wazungu. Mwanahistoria mvivu atacheka na kufunga kitabu. Mimi naona uvumi huo unatueleza jinsi watu walivyoielewa nguvu iliyokuwa juu yao, kitu ambacho kitabu cha sherehe hakiwezi kutupa hata kikiwa na picha 1,000. Lakini sherti tuuite uvumi. Ukiuingiza kama habari ya kweli, unamfanyia askofu kile ambacho shefu wa leo analalamikia.

Baada ya Yav wakaja wengine. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji, alichora kati ya 1973 na 1974 historia nzima ya nchi katika picha kama 100, na mauaji ya wafanyakazi wa Union Minière yamo. Kuanzia 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi ulikusanya kumbukumbu za watu wa mji, na profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU aliandika kitabu kizima juu ya bana Shaba walioachwa na baba yao, maana yake wafanyakazi wa Union Minière na Gécamines. Wengi wenu mna mzee nyumbani aliyekuwa kati ya wale zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines kwa "kupenda" mwaka 2003 na 2004. Muulizeni juu ya wakurugenzi aliowafahamu. Ana kitabu kichwani.

Turudi kwa Wikipedia, maana kule sheria zake zinatuhusu kuliko tunavyofikiri. Ilianza 2001, na kila mtu anaweza kubadili ukurasa. Mwaka 2007 mwanafunzi mmoja Mmarekani, Virgil Griffith, alitengeneza programu iliyolinganisha namba za kompyuta na mashirika, ikaonekana wazi kwamba watu ndani ya kompani kubwa na serikali walikuwa wanasafisha kurasa zao wenyewe. Mwisho wa 2011 ikawa zamu ya Bell Pottinger, kampuni ya London ya kupamba majina ya wateja wake: akaunti zilizohusishwa nayo zilifungwa. Kampuni hiyo ilikufa 2017 baada ya fujo ilizofanya Afrika Kusini. Mwaka 2014 Wikipedia iliandika katika masharti yake kwamba anayelipwa ili kuhariri sherti aseme analipwa na nani.

Kwa hiyo njia ya halali ipo, na ni rahisi. Usiguse ukurasa wenyewe. Nenda kwenye ukurasa wa majadiliano, sema wewe ni nani, unamfanyia nani kazi, kisha andika ombi: toa maneno haya, weka haya, ushahidi ni huu. Mtu asiye na faida ndani ya jambo hilo atakuja kupima. Mwaka wa kuzaliwa utarekebishwa haraka ukileta maandishi ya kuaminika. Cheo pia. Lile fungu la kesi litabaki kama limetoka kwenye magazeti yanayojitegemea. Kama mahakama ilimpa shefu haki, leta hukumu ilivyoripotiwa, itaongezwa. Kuongeza ukweli unaweza kuomba. Kuufuta, hapana, na shefu akikasirika mwonyeshe sheria, si maoni yako. Najua mkataba ni wa miezi 3 na nyumba ina watu 8. Ndiyo maana nasema mwonyeshe sheria.

Kuna tatizo moja ambalo watu wa Wikipedia walioko mbali hawalioni vizuri. Wanataka chanzo kinachojitegemea. Hapa kwetu sote tunajua coupage: mwandishi anaitwa kwenye mkutano, anapewa bahasha, kesho habari inatoka tamu. Habari hiyo ikishachapwa ina sura ya chanzo kinachojitegemea, na kijana wa biro ya mawasiliano anaweza kuileta kama ushahidi bila kuvunja sheria yoyote. Upande mwingine, mzee wa Katuba aliyefanya kazi miaka 30 chini ya ardhi hawezi kuwa chanzo kwa sababu hajachapwa. Kazi zetu za mwisho wa masomo, zenye mahojiano na wazee kama huyo, zimelala kwenye rafu za UNILU na vumbi. Bahasha inapita mlango ambao mzee anafungiwa. Sijui mnaonaje, mimi hilo linaniuma kuliko lile fungu la kesi.

Na ndiyo maana namrudia Yav. Kwenye jalada lake aliandika jina lake na watu anaowasemea: waliokuwa watumishi wa nyumbani, katika komini za Elisabethville. Alisema mapema anaongea kutoka wapi, miaka 49 kabla Wikipedia haijawalazimisha watu wa mawasiliano wafanye hivyo. Msomaji anajua tangu mstari wa kwanza huyu si mtu wa pembeni, ana uchungu wake, na anaweza kupima maneno yake akijua hilo. Kitabu cha sherehe cha kompani nacho kilikuwa na upande, ila kilivaa koti la mtaalamu.

Kurasa zake zilifika mikononi mwa watafiti, na mwaka 1990 Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, alizichapa Amsterdam pamoja na tafsiri. Kitabu hicho ni ghali, usikitafute kwa wauza vitabu wa barabarani. Lakini maandishi yenyewe yaliwekwa baadaye kwenye intaneti bila malipo, na tahajia ya Yav imeachwa vile vile alivyopiga. Mimi niliyasoma kwa simu ndani ya bus ya Katuba, siku mbili. Mzee aliyekaa kando yangu aliona Kiswahili cha hapa kwenye kioo akaniuliza nani aliandika. Nikamwambia, boyi mmoja wa zamani. Akasema, "Soma kwa sauti."